Tulivyokwenda Kihesa Kutafuta Chatu

Wale mnaopita Iyunga kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma mnalijua geti letu la kijani lenye picha ya kobe. Ndani ya geti hilo mimi na mume wangu Masanja tumefuga kobe kwa miaka mingi, kwa kibali, na wanafunzi wa shule za jirani huja kuwatazama na kutuchosha kwa maswali. Mwaka huu afisa wanyamapori alikuja kukagua, akakuta watoto wa kobe wamejaa kwenye boma lao, akafurahi. Alituambia tunaruhusiwa kuongeza aina nyingine moja ya mnyama anayetambaa, tumfuge na kumzalisha, ila tumchukue kwa mfugaji mwenye kibali kama sisi. Mnyama awe amezaliwa bandani, asiwe wa kukamatwa porini.

Afisa hajamaliza hata chai yake, mimi nilikuwa nimeshachagua. Nilimtaka chatu. Nilianza kumtaka nikiwa sekondari, siku mgeni mmoja alipotuletea darasani chatu mchanga na mimi nikawa wa kwanza kunyoosha mkono. Nilitegemea ngozi ya utelezi, nikakuta kavu, safi, yenye uzito wa utulivu. Hamu ile haikuniisha.

Masanja ni Msukuma, lakini amekulia bonde la Usangu, kule Ubaruku, ambako wazazi wake walihamia na ng'ombe wao. Nilijua kwamba kaka yake, Nkwabi, alikufa kwa kuumwa na nyoka wakiwa bado vijana. Nililijua hilo kama tunavyojua mambo mengi ya ukoo wa mume, kwa sentensi moja, na sikuwahi kuomba sentensi ya pili.

"Chatu hana sumu," nilimwambia jioni ile.

"Najua," akasema. "Twende kwanza tukamwone."

Mfugaji mwenye chatu alikuwa Iringa, mtaa wa Kihesa. Nilikuwa nikizungumza naye kwa simu, mama mmoja aitwaye Mama Kihwele. Njiani tungepita Ubaruku kumsalimu mama mkwe wangu, na wakati wa kurudi tungemchukua tuje naye Mbeya. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na hospitali ilikuwa imeshampangia siku ya upasuaji. Angekaa kwetu mpaka apone. Safari moja, shughuli mbili. Niliona nimepanga vizuri sana.

Asubuhi ya kuondoka ilikuwa ya Juni, na nyinyi wa Mbeya mnaijua Juni yetu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati, kobe wamejificha kwenye nyasi kavu kama mawe. Tulimwachia dada yangu watoto, Tumpe na wadogo zake, tukapanda pikapu ya Masanja. Pale Uyole wapakiaji wa viazi walikuwa wamewasha moto wa maboksi kandokando ya magunia, wakijikunyata kuuzunguka. Mimi nilikuwa nikizungumza bila kupumzika: banda litakaa wapi, kioo kitakuwa cha unene gani, taa ya joto tutaifunga wapi. Masanja aliendesha na kuitikia, "Ee," "Sawa," "Tutaona."

Tuliposhuka Usangu baridi ilituacha. Igurusi tulivua masweta, na Chimala tukafungua madirisha. Mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye maturubai pembeni ya barabara, akina mama wakiugeuza kwa miguu, na hewa yote ilinukia makapi na vumbi. Mbele kidogo tuliiacha barabara kuu, tukashika njia ya Rujewa mpaka Ubaruku.

Ubaruku tulimkuta mama mkwe amekaa kwenye kivuli cha nyumba, anachambua mchele kwa vidole, kwa sababu macho yalikuwa hayamsaidii tena. Alitambua mlio wa gari kabla hatujazima.

"Mwangaluka, mayu," Masanja alimwamkia Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Na mkamwana wangu yupo?"

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo nikushike."

Alinipapasa uso, akasema nimekonda, jambo ambalo si kweli, kisha akatumiminia maziwa mgando. Alikuwa ameshaandaa mfuko wake wa safari na kuuning'iniza ukutani, kanga zake mbili na blanketi. Nikaona jinsi alivyokuwa akiingoja siku hiyo.

"Mkirudi mnichukue," akasema. "Na huko Iringa mnafuata nini?"

Nilikuwa nimekusudia kujibu kwamba ni shughuli za bustani tu. Masanja akanitangulia.

"Tunakwenda kutazama nyoka, mayu. Chatu."

Mama aliuweka ungo chini. "Wa kuua?"

"Wa kufuga."

"Wapi?"

"Nyumbani. Kwenye banda la nyuma."

"Nyuma ya chumba nitakacholala mimi?"

Nikaona niokoe jahazi kwa maelezo. Nilimweleza mama kwamba chatu hana sumu, kwamba kutakuwa na kioo na kufuli, kwamba serikali yenyewe imeruhusu, kwamba huyu atakuwa amezaliwa mikononi mwa watu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha upande wangu.

"Umeeleza vizuri, mkamwana," akasema. "Nimeelewa yote. Siji."

"Mama, na macho?"

"Yabaki hivi hivi. Nimeshayazoea. Kila mtu anafuga anachotaka kwake, simkatazi mtu. Lakini nyumba yenye nyoka mimi silali."

Hakuwa na hasira hata kidogo, na hapo ndipo niliposhindwa. Mtu mwenye hasira unaweza kubishana naye. Aliinuka, akapapasa ukuta, akauteremsha ule mfuko na kuuingiza ndani.

Kutoka Ubaruku mpaka Makambako nilitazama nje ya dirisha tu. Upepo wa Makambako ulilipiga gari ubavuni, baridi ikarudi, tukavaa tena masweta. Nilikuwa na hasira na Masanja kwa kusema kweli mapema, na nilikuwa na hasira na mama kwa kukataa tiba. Nilijiambia kwamba chatu akishafika na kutulia, watazoea wote. Watu huzoea. Jioni tulifika Mafinga, kwenye harufu ya mbao mbichi za misindano, tukatafuta nyumba ya wageni na kulala.

Kesho yake tulipita Ifunda na Tanangozi jua likiwa bado changa, tukavuka daraja pale Ipogolo na kupanda mlima kuingia Iringa mjini. Kihesa ni upande wa pili, njia ya Dodoma, nyumba zimejibanza kati ya majabali makubwa ya mviringo. Mama Kihwele alitungojea barabarani, mama mnene mwenye koti la mvua na sauti nzito ya kwaya. Ni mjane, Mlutheri, na huwaimbia wanyama wake nyimbo za ibada akiwalisha.

"Kamwene!" akatupokea Kihehe.

"Kamwene, mama," tukaitikia.

Nyuma ya nyumba yake alikuwa na vyumba vya matofali vyenye vioo mbele, vikavu na vyenye joto, kila kimoja na kipimajoto chake. Alitupitisha kwa kenge, kwa mijusi ya mwambani yenye magamba kama vigae, mpaka kwenye chumba cha mwisho. Akafungua, akaingiza mikono yote miwili, akamtoa.

Alikuwa jike kijana, rangi ya majani makavu na kahawa, mrefu kuliko mimi. Mama Kihwele alimlaza kwenye mikono yangu. Uzito ule ule niliokuwa nikiukumbuka ukajisogeza taratibu mpaka begani, ulimi ukanigusa shavu na kuondoka. Nilicheka kwa furaha. Nikageuka nimwonyeshe mume wangu.

Masanja alikuwa ameegemea ukuta. Jasho lilikuwa likimtiririka kwenye paji la uso, katika baridi ile ya Iringa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Nakuja," akasema, akatoka nje.

Mama Kihwele alinitazama, akamchukua chatu mikononi mwangu bila kuniuliza. "Mfuate," akasema.

Nilimkuta amekaa chini ya jabali, nje ya ua, mikono ameifunga magotini. Nikakaa kando yake. Chini yetu mji wa Iringa ulikuwa umeamka, pikipiki zikilia, mtu akigonga bati mahali fulani.

"Kichwa changu kinajua hana sumu," akasema. "Wewe umeniambia, afisa ameniambia. Lakini miguu haijaambiwa."

"Niambie ya Nkwabi," nikasema.

Akanieleza, macho yake kwenye mabati ya mji. Walikuwa wanachunga, nyasi za Usangu zikiwa ndefu. Nkwabi alikanyaga kifutu, akaruka, akasema ni mwiba. Halafu akakaa chini. Masanja alikuwa mdogo kwake na mwembamba, lakini alimbeba mgongoni kuelekea barabarani, akimweka chini na kumnyanyua tena, kwa sababu kaka yake alikuwa mzito na mguu ulikuwa umevimba mpaka suruali ikambana.

"Unajua alikuwa akiniuliza nini njia nzima? Kama ng'ombe wameingia kwenye mpunga wa watu. Ndicho alichokuwa akiogopa. Mimi nikamwambia hawajaingia, na sikuwa najua. Tulipofika barabarani mama alikuwa ameshasikia, anakuja mbio. Akampokea kutoka mgongoni kwangu. Nkwabi alikuwa ameshanyamaza."

Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi kama jabali tuliloegemea.

"Kwa nini hukuniambia nisimtake chatu?"

"Umemtaka tangu utoto wako. Sikutaka niwe mtu wa kukuzuia."

Nikafikiri: mwanaume huyu amekubali kulala kila siku na kitu kinachomtetemesha, ukuta mmoja kati yao, na asiseme. Na mama yake amekubali kubaki gizani. Na mimi nilikuwa nikihesabu unene wa kioo.

"Simchukui," nikasema.

"Usiseme hivyo kwa ajili ya leo tu."

"Masanja, simchukui."

Nilitegemea kuumia. Ajabu ni kwamba nilipoinuka pale nilijisikia kama mtu aliyetua mzigo wa kuni aliotembea nao tangu alfajiri. Masanja alivuta pumzi ndefu, akajifuta uso kwa kofia yake, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Iyunga akaniuliza kama nina njaa.

Mama Kihwele hakukasirika. Alitukaribisha makande yenye maharage mengi na akasema, "Afadhali mmeyajua haya hapa, kuliko kuyajulia Mbeya mnyama akiwa ndani. Na tena kwa baridi yenu ile, ungekuwa mtumwa wa taa. Umeme ukikatika Juni, unampashaje chatu? Mnapochagua mnyama angalieni hali ya hewa, chakula chake, na watu mnaolala nao nyumba moja. Uzuri wake uwe wa mwisho."

Tukaanza upya. Kenge alikuwa mkubwa mno, na angewamaliza kuku wa jirani siku atakayotoroka. Mijusi ya mwambani ilipenda kuota jua kali, na kwetu jua huja likiomba ruhusa. Kibali kilikuwa mkononi, lakini nilianza kuona tutarudi mikono mitupu.

"Wenye kupenda baridi ninao," akasema Mama Kihwele. "Sikuwataja kwa sababu ulisema chatu, chatu. Njooni bustanini."

Alituongoza kwenye vizimba vya wavu vilivyojaa mimea mibichi, matone ya maji yakining'inia kwenye majani. Niliona majani. Kisha jani moja likafungua jicho, jicho likazunguka peke yake na kunitazama.

Nilirudi nyuma kwa nguvu mpaka nikamkanyaga Masanja.

"Kinyonga," akasema Mama Kihwele kwa fahari. "Mwenye pembe tatu, wa milimani. Wamezaliwa humu humu kwangu. Hawa hawatagi mayai, wanazaa. Na baridi ndiyo raha yao."

Ndugu wasomaji, mimi niliyembeba chatu begani nikicheka, mbele ya kinyonga sikuweza kusimama. Nimezaliwa Tukuyu, na kwetu mtu mzima akikutana na kinyonga njiani hugeuza safari. Siku moja, nikiwa msichana mdogo, tulikuwa tunachuma kahawa mimi, mama na shangazi zangu, kinyonga akaanguka kutoka mtini, akanishika shingoni. Nilipiga kelele. Wote wakakimbia. Hata mama yangu alikimbia, sikumlaumu wakati ule wala simlaumu leo, alikuwa na hofu yake. Nilibaki peke yangu kati ya mibuni, nikiona migongo yao tu, mpaka mnyama mwenyewe aliposhuka na kwenda zake. Masanja sikuwahi kumweleza habari hiyo. Nilimweleza pale Kihesa, nyuma ya wavu, kwa sauti ya kunong'ona.

Hakunicheka. Aliwatazama wale vinyonga kwa udadisi wa mtu asiye na kisa nao, akasema, "Basi na hawa tuwaache. Tutaendelea na kobe wetu."

Kulikuwa na amani katika maneno hayo, na tungeweza kuishia hapo. Lakini Mama Kihwele alitushika tulale kwake, tuondoke tukiwa tumepumzika.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa tunakunywa chai Mama Kihwele aliposikika akiita kutoka bustanini, "Njooni! Anazaa! Njooni mshike!" Masanja alikwenda mbio. Mimi nilimfuata mpaka mlangoni mwa kizimba, nikasimama.

Jike lilikuwa limeng'ang'ania tawi jembamba lililokuwa limevunjika kwa uzito wake, na Mama Kihwele alikuwa amelishikilia tawi hilo kwa mikono yote miwili ili lisidondoke. Mnyama alijikaza, akasogea hatua moja, na nyuma yake kikatoka kitu kama tone la uji ndani ya utando, kikanata kwenye jani. Kwa muda hakikuwa na uhai. Kisha utando ukapasuka, mkono ukatoka, kichwa kikatoka, na kinyonga mzima, mfupi kuliko ncha ya kidole changu, akaanza kutembea kana kwamba alikuwa na miadi. Likatoka tone jingine. Na jingine.

Sikujua kwamba nilikuwa nimesogea. Nilijua tu pale tone moja lilipokosa jani, likaangukia mkono wa sweta langu.

"Usikung'ute!" akapiga kelele Mama Kihwele. "Mama Tumpe, tafadhali, utamuua!"

Mwili wangu wote ulitaka kukung'uta. Nilinyoosha mkono mbali na mwili wangu kana kwamba si wangu. Na hapo nikasikia bega likigusa bega langu.

"Niko hapa," akasema Masanja. "Siendi popote."

Utando ulikuwa haujapasuka. Tulingoja. Nilijikuta, badala ya kumwombea aondoke, namwombea aamke. Masanja alichovya kidole kwenye maji ya jani, akaulowesha ule utando taratibu, na kitu cha ndani kikatikisika. Mkono mdogo kama wa glavu ukatoka, ukashika uzi wa sweta. Akajivuta. Akapanda polepole, akayumba, akafika kwenye kidole changu kisicho na kitambaa, akakishika. Nilihisi kama kushikwa na uzi wa pamba. Jicho lake dogo likazunguka, likatazama juu, likatazama Masanja, likanitazama mimi.

Nilipumua. Nilikisogeza kidole mpaka kwenye jani la karibu, naye akalitafakari jani hilo kwa muda wake, akahamia.

Nikakaa kwenye udongo uliolowa. Nilikuwa nalia na kucheka, na Mama Kihwele, tawi bado mikononi, naye akaanza kuimba wimbo wake wa kwaya kwa sauti ya chini.

"Tunywe chai twende," akasema Masanja.

"Tunywe chai twende kwenye ofisi ya wanyamapori," nikasema. "Tukaandikishe hawa."

Aliniangalia kwa muda mrefu. "Una hakika? Mimi siwaogopi. Wewe je?"

"Mimi bado nawaogopa. Lakini huyu mdogo amenishika na sikufa. Tutaanza hapo."

Hatukuchukua wale wachanga. Mama Kihwele alituchagulia wa uzao uliotangulia, dume mmoja mwenye pembe zinazochipua na majike kadhaa wa mama tofauti, ili tuweze kuzalisha bila kuchanganya ndugu. Alitufundisha kwamba kila mmoja akae peke yake, maji yatoke juu kama umande, chakula kiwe nzi na nyenje, na jua kali lisiwafikie kamwe. Aliwatia kila mmoja kwenye mfuko wake wa kitambaa chenye unyevu, akamkabidhi Masanja. Mimi sikuwa nimefikia hatua ya kubeba.

Hatari ilikuwa Usangu. Mchana, joto la bonde lingeweza kuwamaliza ndani ya gari. Tuliondoka Iringa alasiri, tukalala Makambako kwenye baridi waliyoipenda, na alfajiri tukateremka bondeni kabla jua halijapata nguvu. Mimi nilikuwa na kazi ya kunyunyiza maji. Kila mara mfuko mmojawapo ulipojisogeza nilishtuka, na kila mara Masanja alisema, "Mzima, huyo," nikatulia.

Ubaruku tulifika ng'ombe wakitolewa zizini. Mama alikuwa amejifunika blanketi, akiota moto mdogo wa vijiti. Mfuko wake haukuonekana ukutani.

"Mmempata?" akauliza kabla ya salamu.

"Hatukumchukua, mayu," akasema Masanja. "Tumechukua kinyonga."

"Kinyonga? Yule anayetembea kama anatoka kuugua?"

"Huyo huyo."

"Ana sumu?"

"Hana."

"Anauma?"

"Akikasirika anabadili rangi tu."

Mama alianza kucheka, kicheko kikakua mpaka akashika mbavu. Kisha akageuza uso upande wangu. "Lakini mkamwana, si nyinyi Wanyakyusa ndio mnaowakimbia hao?"

"Ndio sisi, mama. Hata sasa nawaogopa."

Alininyooshea mkono, nikaushika. "Masanja amekueleza ya Nkwabi?"

"Amenieleza, mama."

"Mimi hajawahi kunieleza yote. Mimi nilimpokea tu." Alikaa na mkono wangu kwa muda, moto ukipasua vijiti. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nyuma ya mlango kuna mfuko. Nilete. Na tuondoke, jua lisije kuwachoma wagonjwa wenu."

Nilimsaidia kupanda, akakaa kati yetu, mifuko ya vinyonga ikining'inia mbele yake. Sikumbuki safari niliyoifurahia kama ile ya kupanda kutoka bondeni kwenda Uyole, baridi ikiongezeka kila kona na sisi watatu tukiishangilia kwa ajili ya wanyama.

Iyunga tuliwakuta watoto getini. Vinyonga wote walifika wazima, na kufikia jioni dume alikuwa ameshakamata nzi wake wa kwanza wa Mbeya. Mama alifanyiwa upasuaji siku iliyopangwa. Walipomfungua bandeji ya jicho la kwanza, mtu wa kwanza aliyesimama mbele yake alikuwa mwanawe. Alimtazama juu mpaka chini.

"Umezeeka," akamwambia, na wauguzi wote wakacheka, na Masanja akatoka nje kwenda kulia mahali tusipomwona.

Sasa majike wawili wana mimba. Nimeshafikia kuwanyunyizia maji mwenyewe, na dume hupanda mkononi kwangu siku ambazo nimeamka vizuri. Siku nyingine namwachia Masanja. Nilikwenda Iringa nikidhani kwamba hofu ya mtu huondolewa kwa maelezo mazuri. Nimerudi nikijua kwamba maelezo hayaifikii. Kilichonisaidia mimi ni mtu aliyekaa karibu na asikimbie, wala asinivute.

Wiki iliyopita alikuja Mama Gwakisa, jirani yetu wa nyumba ya tatu, Mnyakyusa mwenzangu. Tangu vinyonga wafike alikuwa akipita upande wa pili wa barabara. Siku hiyo alisimama nje ya geti, kitenge amekibana kifuani, shingo ameinyoosha.

"Nasikia kwenu kuna hao wanyama," akasema.

"Wapo. Karibu ndani."

"Hapana. Sitaki kuwaona. Nimekuja tu."

Zamani ningemweleza kwamba hawana sumu, ningemshika mkono nimwingize. Safari hii niliingia jikoni nikatoa vigoda viwili na birika la chai, nikaviweka nje ya geti, nikakaa naye. Tuliongea habari za mbegu za maharage na bei ya mkaa mpaka chai ikaisha. Alipoinuka kuondoka aliuliza, bila kunitazama, kama hao wanyama mtu anaweza kuwaona siku yoyote.